Skana ya kinywani: jino moja sawa, taya zima subiri kwanza

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni daktari wa meno, nina kliniki ndogo Ngamiani, Tanga. Chapa za meno za silikoni nazituma kwa basi hadi maabara Dar es Salaam. Nataka kununua skana ya kinywani, kamera inayosoma umbo la meno, niachane na trei za kuchukulia chapa. Muuzaji anasema inakosea maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu. Nimwamini? Itafaa kwa kofia moja ya kufunika jino lililochongwa, kwa daraja, na kwa mgonjwa aliyebaki kibogoyo?

JIBU: Marahaba, daktari mwenzangu. Huenda muuzaji hajadanganya, ila mwulize namba hiyo imepimwa wapi. Nyingi hupimwa kwenye kielelezo cha meno kikavu kilichotulia mezani, hakuna ulimi, hakuna mate, wala mgonjwa anayetaka kumeza. Mwulize pia ni namba ya nini. Kukaribia kipimo halisi ni jambo moja, kurudia matokeo yaleyale ni jingine. Mizani iliyochezewa nayo haibadiliki: kila ukipima kilo ni ileile, na kila mara umepunjwa.

Kwa kofia ya jino moja, nunua bila wasiwasi. Kosa la skana nzuri hapo ni makumi machache ya maikromita, sawa na silikoni iliyochukuliwa vizuri. Kikomo ambacho wengi wetu bado tunakitumia kwa pengo la ukingoni, pale kofia inapokutana na jino, ni maikromita 120, walichokitaja watafiti McLean na von Fraunhofer mwaka 1971. Daraja fupi la meno matatu nalo halina shida.

Taya zima ni habari nyingine. Skana haipigi picha moja ya taya. Inapiga vipande vidogo vidogo, kisha programu inaviunga pale vinapopandana. Umeona mkeka unavyoshonwa kwa ukili? Mshono mmoja ukipinda kidogo jicho halioni, lakini ukifika ukingo wa pili mkeka wote umekwenda upande. Ndivyo ilivyo kutoka gego la kulia hadi la kushoto: makosa yanajikusanya, na yanaweza kupita maikromita 100. Fizi tupu ndizo mbaya zaidi, maana ni laini, zinang'aa kwa mate, zinasogea, na programu haipati alama ya kushikia mshono. Kwa kibogoyo, au mwenye vipandikizi (mizizi bandia ya meno) kadhaa vitakavyofungwa kwa fremu moja, mimi bado nashika trei. Jino la asili hucheza kidogo kwenye tundu lake likasamehe kosa. Kipandikizi hakisamehi.

Ukiskani taya, anza juu ya magego, vuka hadi upande wa pili, rudi kwa ndani, malizia kwa nje. Usirukeruke. Zima taa ya kiti. Kalibresheni, yaani kusawazisha vipimo vya skana, ifanye kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, hasa mashine ikihamishwa au joto likibadilika. Chumba kilicholala bila kiyoyozi huku pwani si kile cha saa nne asubuhi.

Hata hivyo, kofia nilizowahi kurudisha hazikuharibiwa na maikromita. Ziliharibiwa na ukingo wa jino uliojificha chini ya fizi. Silikoni nyepesi unaweza kuisukuma chini ya fizi, mwanga hausukumwi. Kisichoonekana kwa jicho, skana haikioni, na damu kidogo inatosha kuifanya ichore ukingo usiokuwepo. Niliwahi kuharakisha gego lililokuwa linavuja damu, nikajiambia programu itajaza. Ilijaza kweli, ukingo laini wa kupendeza kwenye skrini, na kofia ikaacha mwanya ambao ncha ya probu, sindano yetu ya kukagulia meno, iliingia. Tangu hapo naweka uzi wa kusukuma fizi mbali na jino, nasubiri damu ikome, nakausha, ndipo naskani. Tena, viringisha kona za jino unapolichonga. Kichongeo cha mashine inayochonga kofia kina unene wake, kona kali hakiwezi kuifuata.

Kuhusu basi: kama silikoni yako ni ya aina ya A (isiyotoa pombe inapoganda), safari haikuharibii kitu, mradi isiachwe juani. Aina ya C husinyaa kadiri pombe inavyotoka, hiyo ndiyo ya kuogopa. Alginati, nyenzo nyingine ya chapa, usiisafirishe kabisa, imwagie plasta palepale.

Kabla ya kulipa, peleka kielelezo chako cha plasta cha taya zima. Mwambie muuzaji akiskani mara tano mbele yako, na kila mara upime kwenye programu umbali kati ya magego ya mwisho, kulia na kushoto. Kisha pima umbali huohuo kwa vania (kalipa ya kupimia umbali mdogo) yako mwenyewe: namba tano zikifanana, skana inarudia; zikikaribia ya vania, inasema kweli.