Re: Diski ya kiuno imetoka, nianze na zoezi gani?

Pole sana mkuu. Umesema MRI imeonyesha diski ya L5-S1 (mto laini wa chini kabisa kati ya mifupa ya uti wa mgongo) imetoka, maumivu yanashuka mguu wa kushoto hadi kisigino, na umeambiwa "fanya mazoezi" bila kuelekezwa yapi. Anza na kutembea. Dakika 10 mara kadhaa kwa siku, sehemu tambarare, ni bora kuliko kushinda kitandani.

Kisha lala kifudifudi, egemea viwiko, kifua kiinuke huku nyonga zimebaki sakafuni. Ukizoea, sukuma kwa mikono hadi inyooke. Ni njia ya Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Cha kuangalia ni maumivu yanaelekea wapi: yakitoka kisigino yakapanda kuja kiunoni, endelea, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Yakizidi kushuka mguuni, acha, hilo si zoezi lako kwa sasa.

Baadaye ongeza lile la kupiga magoti na kushika chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu unabadilisha. Yale ya tumbo ya kulala chali na kuinuka (vijana wa gym watakushauri sana) sahau kwanza. Kuinama sana pia, hasa ukiamka asubuhi, diski inakuwa imejaa maji.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji. Ila ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mguu ukilegea, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.