"Mapafu ya watu wazima": afya au umri?

SWALI: Natafsiri makala ya sayansi kwa wanafunzi wa sekondari. Inahusu seli za kinga zinazopatikana mapafuni mwa watu wasioumwa. Kichwa nimekiandika hivi: "Chembechembe nyeupe za damu katika maji ya mapafu ya watu wazima." Mwenzangu alipokisoma akacheka, akasema nimewaandika wazee walio wodini. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwenzako ana haki ya kucheka, ingawa maneno yako yote ni Kiswahili safi.

Tuanze na hao wazima. Nazi nzima haijavunjwa, aliyenusurika ajalini yu mzima, na ukipiga simu nyumbani ukauliza "wazima huko?" unaulizia afya. Lakini "mzima" likikaa baada ya "mtu", umri hutangulia maana nyingine zote. "Mtu mzima, huna haya!" Anayekaripiwa hivyo hafikirii kabisa kama ana malaria au hana. Ukitaka afya, ongeza neno: "wazima wa afya". Mimi ningesema "wasio na ugonjwa wa mapafu", kwa kuwa kinachochunguzwa ni mapafu. Magoti yao yanaweza kuwa yanauma. Ila usijaribu "mapafu mazima". Hapo msomaji ataona bucha.

Maji ndiyo yaliyowalaza wodini. Aliyewahi kuuguza anaijua kauli ya "ana maji kwenye mapafu": ni maji yaliyojaa pasipotakiwa. Ya makala yako yamepelekwa na daktari mwenyewe. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa puani au mdomoni hadi ndani ya njia za hewa, maji safi ya chumvi humiminwa kidogo kidogo, kisha huvutwa tena, nayo hurudi na seli zilizokuwa huko. Jikoni tuna kipimo kizuri cha tofauti hii. "Maji ya kuoshea mchele" bado yako kwenye ndoo, maangavu. "Maji yaliyooshewa mchele" yamekwisha kuwa meupe kwa unga wake. Kwa hiyo unachotafuta ni "maji yaliyosuuziwa mapafu". Usikimbilie "makohozi" pia. Hayo mtu huyatoa mwenyewe kwa kukohoa, na kwenye kliniki za kifua kikuu utasikia mgonjwa akikumbushwa kwamba yanatakiwa makohozi, si mate.

Kuhusu "chembechembe nyeupe za damu", sitakulaumu sana, maana ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Tatizo ni hilo "za damu", linaloipa seli anwani isiyo yake. Kwa mtu asiyevuta sigara, katika kila seli 100 za kinga zinazorudi na maji hayo, kwa kawaida 85 na kuendelea ni makrofaji. Jina hilo lina asili ya Kigiriki, mlaji mkubwa, nalo linazistahili: hukaa ndani ya vifuko vya hewa zikimeza vumbi na vijidudu tunavyovuta. Limfosaiti huwa 10 hadi 15 hivi, na nyutrofili hazizidi 3. Sasa pima damu ya mtu mzima (hapa nina maana ya umri, kwa sababu kwa watoto wadogo limfosaiti ndizo huzidi) utakuta nyutrofili zimeongoza. Msomaji uliyemwambia "za damu" atatarajia hesabu ya damu, kisha takwimu zako zimchanganye. "Seli za kinga" haimfungi popote.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama ni "seli zinameza" au "seli wanameza". Zinameza. Najua "wanameza" inatoka wapi: mabango ya afya yametuzoeza kuziita "askari wa mwili", na askari huchukua wa-. Ukitumia askari, endelea na wa- mpaka mwisho wa aya. Ukitumia seli, baki na zi-. Usizivalishe gwanda katikati ya sentensi.

Basi, ndani ya makala andika: "seli za kinga katika maji yaliyosuuziwa mapafu yasiyo na ugonjwa". Kwa kichwa ni refu mno. Hapo weka "Seli za kinga mapafuni mwa wasioumwa", na maji yaeleze kwenye aya ya kwanza.