Risasi za Mosin na Lee-Enfield zimekuwa ghali, ufanyeje?
Umeuliza kama bado inalipa kupiga hizi bunduki za zamani za jeshi, Mosin ya Urusi na Lee-Enfield ya Uingereza, wakati bei ya risasi inazidi ile ya bunduki ulivyoinunua, mi nasema inalipa ila acha kutupa maganda. Ganda ndo sehemu ghali kuliko zote kwenye risasi na ukilijaza upya mwenyewe linarudi kazini mara kadhaa, hasa kwenye .303, risasi ya Lee-Enfield, ukikaza shingo ya ganda tu bila kulibana lote, maana chemba (pale risasi inapokaa) za Lee-Enfield ni pana na ganda likivutwa kila mara linakatika mapema. Hakikisha fataki, kile kidude cha kuwasha baruti kwenye kitako cha ganda, ni za aina ya Boxer, maana maganda ya aina ya Berdan yana vitundu viwili vidogo ndani na kuzitoa fataki zake ni kero tupu. Mimi hununua boksi za risasi za kiwanda cha Prvi Partizan cha Serbia, napiga, halafu maganda yangu hayo. Zile risasi kuukuu za jeshi za 7.62x54R, za Mosin, kwenye makopo ya bati ukizipata rahisi chukua, lakini fataki zake zinaacha chumvi kwenye mtutu, mwagia maji ya moto siku hiyohiyo kisha kausha upake mafuta, ukilala tu asubuhi unakuta kutu.