Kabla ya kuhesabu kalori za mgonjwa wako, soma herufi zilizo kando ya namba

Mama alipohamia kwangu Mbezi baada ya kugundulika ana kisukari, nilijipa kazi ya kumpangia chakula. Kiliniki walitupa lengo la kalori 1,500 kwa siku, na wakasisitiza asikae na njaa kwa sababu anameza vidonge vya kushusha sukari. Nikanunua mizani ya jikoni na daftari.

Asubuhi alikuwa anakunywa uji wa oti, zile pakiti zinazotoka Afrika Kusini. Kwenye jedwali la pakiti, mstari wa nishati ulisema 1,600 kwa gramu 100. Bakuli lake lilichukua gramu 40 za oti, nikapiga hesabu nikapata 640. Karibu nusu ya chakula cha siku nzima, na jua halijapanda! Nikampunguzia hadi nusu bakuli. Biskuti za ngano alizokuwa akila saa nne nikaziondoa kabisa, maana hizo zilisoma 2,000.

Haikupita wiki. Siku moja saa tano asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Sukari ilikuwa imeshuka. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa chai yenye sukari nyingi, akatulia, tukaondoka naye kwenda kiliniki.

Afisa lishe alipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kisha akaomba kuona pakiti. Nilikuwa na picha yake kwenye simu. Akaikuza, akaweka kidole kwenye herufi mbili ambazo nilizipita kila siku: kJ.

“Dada, hizi si kalori. Ni kilojuli.”

Kilojuli ni kipimo kingine cha nishati: kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.2 hivi. Kwa hiyo bakuli la mama halikuwa na kalori 640, lilikuwa na kama 150. Nilikuwa nimemnyima chakula cha halali kwa sababu ya herufi mbili, na dawa zikaendelea kufanya kazi yake tumboni mtupu.

Kinachochanganya zaidi ni neno kalori lenyewe. Kwa wanasayansi, kalori moja ni joto linalotosha kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Ni kiasi kidogo sana kwa mambo ya chakula, ndiyo maana hutumika kilokalori, yaani kalori 1,000. Lakini mitaani, hospitalini na hata kwenye pakiti za Marekani watu hukata neno, wakasema kalori tu wakimaanisha kilokalori. Basi ukiambiwa kalori 1,500 kwa siku na pakiti imeandikwa kcal, yaani kilokalori, usizidishe wala kugawanya chochote. Ni kitu kile kile.

Bidhaa za Afrika Kusini na Australia hutumia kilojuli. Za Umoja wa Ulaya huandika zote mbili, kilojuli zikitangulia, na jicho lenye haraka hukamata namba ya kwanza. Ukiwa dukani, gawa kilojuli kwa 4, jibu litazidi kidogo tu lakini litakuongoza.

Kuna njia nyingine ambayo naitumia hadi leo kila ninapotilia shaka. Gramu moja ya wanga ina kama kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Zile biskuti zilikuwa na wanga gramu 68, protini 7 na mafuta 20 katika kila gramu 100. Ukijumlisha: 272, na 28, na 180, unapata 480. Pakiti inasema 2,000, kwa hiyo haiwezi kuwa kalori. Hata mafuta matupu hayazidi 900.

Angalia pia namba ni ya gramu 100 au ya kipimo kimoja cha kula, na kama ni ya chakula kikavu. Gramu 100 za unga wa sembe zina karibu kilokalori 360. Ukiusonga na maji unapata ugali wa gramu 250 au zaidi, ila nishati ni ile ile 360. Ukipima ugali kwa namba ya unga, utamnyima mtu zaidi ya nusu ya haki yake.

Kama unamhudumia mtu anayetumia dawa za kisukari, nakuomba sana: usimpunguzie chakula kwa hesabu zako peke yako. Beba pakiti zenyewe siku ya kiliniki, uziweke mezani. Mimi sasa nabeba. Na kwenye kopo la oti nimeandika kwa maki peni, herufi kubwa ili mama asome bila miwani: GRAMU 40, KILOKALORI 150. Anakunywa bakuli zima.