Kinywe, selotepu na vitundu vinavyojipanga vyenyewe

Nasikia grafini inatokana na kinywe, na sisi huku Mahenge tunacho tele. Mbona hatuiuzi?

Kinywe ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana. Tabaka moja, lenye unene wa atomi moja tu, ndiyo grafini. Kwenye milimita moja ya kinywe yamo kama milioni 3. Ila wanunuzi wengi siku hizi wanakitaka kwa ajili ya betri za lithiamu, ambako hakuna haja ya kubandua tabaka moja moja. Kwangu mimi, soko hilo ndilo la kulikazia macho kwanza.

Eti waliipata kwa selotepu?

Ndiyo, selotepu hii hii. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandika selotepu kwenye kinywe, wakabandua, wakarudia mpaka ganda likawa jembamba mno, kisha wakaligandamiza juu ya silikoni yenye utando wa oksidi. Utando huo ukiwa na unene wa nanomita 300 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hata tabaka moja hubadilisha kidogo rangi inayoonekana kwa hadubini. Pasipo ujanja huo wasingeiona, maana grafini hunyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga. Nobeli ya Fizikia waliipata 2010.

Nasikia pia alumini hutobolewa vitundu vya nanomita, tena kwa mpangilio. Ni sindano gani hiyo?

Hakuna sindano. Alumini safi hutumbukizwa kwenye asidi ya oksaliki iliyopozwa na kuunganishwa na ncha chanya ya umeme. Oksidi inaota huku asidi ikiila, na vitundu vinasukumana mpaka vikae kama sega la nyuki. Vya mwanzo huwa shaghalabaghala, kwa hiyo oksidi ya kwanza huachwa ikue kwa saa nyingi, ikayeyushwa, kazi ikaanza upya juu ya vishimo ilivyoviacha. Volti ndizo zinazoamua nafasi: kwa volti 40, kitundu hadi kitundu ni nanomita 100 hivi. Hideki Masuda na Kenji Fukuda wa Japani waliuonyesha mpangilio huo wa sega 1995. Grafini imebeba sifa zote, lakini mimi hili ndilo linalonivutia zaidi.

Grafini yenye vitundu itachuja maji ya bahari?

Kwenye hesabu za kompyuta zilizofanywa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2012, ndiyo. Kwenye utando wa mita moja ya mraba, bado: kila kitundu kiwe chini ya nanomita moja, na mpasuko mmoja tu unapitisha chumvi.

Na simu zetu, zitaachana na silikoni?

Si kwa grafini tupu. Transista, yaani swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu, lazima izimike, na grafini haizimiki sawasawa.