Mkuu, usipigishe kura ya bodi kwa fomu ya mtandaoni

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza ukumbi wa bei nafuu hapa Tanga mjini, idadi ya wajumbe wa bodi, na nauli za wanachama wanaotoka Lushoto na Pangani. Halafu mwishoni ukadokeza, kama jambo dogo, kwamba kura za mkutano mkuu wenu wa wiki mbili zijazo mtapiga kwa fomu ya mtandaoni "kwa sababu sisi ni kikundi cha haki za kidijitali". Hilo la mwisho ndilo litakalowamaliza. Sisi lilitumaliza.

Kikundi chetu nacho ni cha haki za kidijitali, wakati ule wanachama 43. Bodi ilikuwa imemaliza muda wake. Akaja mtaalamu mmoja, mshauri wa mambo ya uchaguzi kwa maelezo yake mwenyewe, na tukamlipa. Akatuambia karatasi zimepitwa na wakati, akatengeneza fomu palepale. Ili mtu asipige kura mara mbili, akadai jina kamili, namba ya simu na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya uchaguzi. Nikamuuliza, kura itakuwa ya siri? Akajibu, "Majibu anayaona msimamizi tu." Nikapitisha.

Sasa sikia. Kila kura iliingia kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kila mtu: saa, jina, simu, zile tarakimu 20 za NIDA, na pembeni yake jina la mgombea aliyempa kura. Jedwali lenyewe mtaalamu aliliacha wazi kwa yeyote mwenye kiungo, eti kamati tusihangaike na nywila. Saa tano asubuhi, mweka hazina akiwa bado anasoma taarifa yake, mjumbe mmoja wa kamati akakosea, akabandika kiungo kile kwenye kundi la WhatsApp la wanachama wote. Simu zikalia ukumbi mzima, kisha kimya. Kila mtu ameinama.

Mstari wa saba alikuwa dada anayeuza duka la vifaa vya simu kule Ngamiani. Mwenye duka lake alikuwa mgombea, tena amekaa mbele kabisa, na dada yule hakumpa kura. Nilimwona bosi anasogeza jedwali kwa kidole gumba, kidole kikasimama, akageuka nyuma kumtazama. Dada akachukua mkoba wake akatoka. Kikundini hajarudi hadi leo, na dukani pia hayupo.

Ujumbe tuliufuta, lakini picha za skrini zilishapigwa. Na sisi ndio tuliokuwa tukifundisha watu kila Jumamosi kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwamba usikusanye taarifa usiyoihitaji! Ibara ya 16 ya Katiba, ile ya faragha, tuliichapa kwenye fulana. Wanachama 11 waliondoka. Ukumbi tukaulipia mara ya pili kurudia uchaguzi. Nilipompigia simu yule mtaalamu, akaniambia fomu ilifanya kazi yake. Nikiikumbuka kauli ile napandwa na hasira upya. Mtu anakula hela ya michango ya watu, anawaanika, halafu anakujibu hivyo.

Kwa hiyo nakuomba ulishike hili moja hata kama mengine yote utayatupa: jina la mpiga kura na kura yake visikutane mahali popote, hata kwa sekunde. Uchaguzi wa marudio tuliufanya hivi. Mtu mmoja mezani na daftari la wanachama, anaweka tiki na kukupa karatasi yenye mhuri, haandiki kitu kwenye karatasi. Unaitumbukiza kwenye ndoo ya plastiki tuliyoitoboa mfuniko na kuuzungushia gundi ya karatasi. Kura zikahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, moja moja, wagombea wakiangalia.

Asiyeweza kufika, mpeni bahasha mbili. Ya ndani haina alama yoyote, ya nje ina jina na sahihi. Mnahakiki ya nje, mnaitoa ya ndani ikiwa imefungwa, mnazichanganya zote ndipo mnafungua.

Najua utaniambia kuna mifumo ya kura yenye usimbaji fiche, yaani kura inageuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo. Ipo, Helios ni mmojawapo, na chama cha kimataifa cha watafiti wa usimbaji fiche, IACR, kinautumia kuchagua viongozi wake. Mwaka 2025 walilazimika kufuta uchaguzi na kuurudia, kwa sababu mmoja wa wadhamini watatu, wale waliokabidhiwa kila mmoja ufunguo wa kidijitali wa kufungulia kura, alipoteza wake na matokeo yakawa hayafunguki. Siri ya wapiga kura ilibaki salama, hapo nawavulia kofia. Lakini hao ndio mabingwa wa fani yenyewe duniani. Kikundi chenu kina nani wa kutunza funguo tatu za namna hiyo ndani ya wiki mbili?

Fomu mmeshawatumia wanachama? Kama imetoka, ifunge sasa hivi kabla hujasoma majibu ya wengine hapa. Futa yaliyokwisha kuingia, waambie wanachama kwamba umeyafuta, kisha rudi hapa unijulishe.