Jibu: Corolla au Noah kwa familia ya watu sita, Goma

Ndugu, unauliza uchukue Toyota Corolla (gari dogo) au Toyota Noah (gari la familia la safu tatu za viti) kwa nyumba ya watu sita hapa Goma: shule kila asubuhi, mji wa Sake mara mojamoja. Kwa hesabu hiyo Corolla haifai, ina mikanda mitano tu, wa sita atapakatwa. Mtoto wa kupakatwa hurushwa mbele ukikanyaga breki ghafla.

Basi Noah, lakini tazama ni ipi. Ile ya kabla ya 2001 ina mlango wa kuvuta upande wa kushoto peke yake. Iliundwa kwa ajili ya Japani, wanakopita kushoto, kwa hiyo huko mlango unafungukia pembeni. Sisi tunapita kulia: watoto watashukia katikati ya barabara, pikipiki zikipita. Ya 2001 hadi 2007 inafunguka pande zote mbili.

Kasoro yake ni injini ya 1AZ-FSE. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na petroli chafu ya vidumu inaua pampu ya presha kubwa. Nunua kituoni. Ikiwa gia ni CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za meno), tia mafuta ya CVT tu. Mafuta ya otomatiki ya kawaida huufanya mkanda wa ndani uteleze. Ijaribu ikiwa imeshapata moto, baada ya kuiendesha dakika 20 hivi. Ikitetemeka unapoondoka, achana nayo, hata bei ikikulegeza.

Na upapase mbavu za matairi kwa mkono, ndani na nje. Mawe ya volkano hukata ubavu kabla meno hayajaisha.